Hakuniuliza: Je, Kunyamazia Paa Linalovuja ni Uongo?



Wengi wenu mnalikumbuka lile gari-nyumba letu jeupe lenye mstari wa bluu, ambalo watoto wa Shule ya Jumapili walizoea kulipanda siku za pikiniki. Tumeliuza. Na kwa kuwa kila Jumapili baada ya ibada, kikombe cha chai mkononi, kuna mtu anayeniuliza kwa nini tumeliuza kwa bei ya kutupa, nimeona nijibu mara moja hapa. Jibu fupi ni kwamba paa lilikuwa limevuja. Jibu refu ni swali lililonikosesha usingizi: kama ninajua ubaya wa kitu ninachokiuza, na mnunuzi hakuniuliza, je, nikinyamaza nimesema uongo?

Tulilinunua kwa dola 14,000 kutoka kwa mtu tuliyemwona kwenye tangazo. Ni la aina ile ambayo kitanda kimoja kiko juu ya kichwa cha dereva. Ilikuwa Agosti, na mnajua Agosti ya huku Washington: unaweza kusahau kwamba mvua iliwahi kuumbwa. Mwenye gari alikuwa mtu mpole, akatukaribisha juisi. Nilimuuliza injini, matairi, jiko, friji, choo. Paa sikuuliza. Nani huuliza habari za paa la gari? Alinijibu kila nilichouliza, na kila alichonijibu kilikuwa kweli. Karatasi ya mauzo iliandikwa kwamba gari linauzwa kama lilivyo. Tukapeana mikono.

Novemba mama watoto aliingia kuchukua mablanketi akatoka ameziba pua. Kulikuwa na harufu ya nguo zilizofungiwa mbichi. Juu ya kitanda cha mbele, pembeni kushoto, palikuwa na doa la rangi ya chai. Mimi nikafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya: nikaenda dukani, nikanunua tyubu ya silikoni, nikapanda ngazi, nikapaka juu ya paa mahali palipolingana na doa. Nikashuka nimeridhika. Mvua iliyofuata doa likaongezeka.

Ndipo kaka mmoja wa kwaya, ambaye ni fundi, akaja kunisaidia. Nitaeleza aliyonifundisha kwa urefu kidogo, kwanza kwa sababu baadhi yenu mna magari kama haya, na pili kwa sababu swali la maadili limejificha humo humo ndani ya ufundi.

Jambo la kwanza alilosema ni kwamba maji hayaonekani pale yalipoingilia. Maji yanaingia kwenye tundu la skurubu, yanatambaa juu ya plaiwudi, yanafuata waya wa taa au ubao wa dari, na yanadondoka mita mbili mbele, mahali ambapo yamekutana na kizuizi. Ukiliegesha gari limeinamia mbele, doa litatokea mbele. Ukiliegesha limeinamia nyuma, doa litahama. Kwa hiyo mwenye kuziba juu ya doa anaziba mahali ambapo pengine hapana tundu.

Jambo la pili: paa lenyewe huvuja mara chache. Paa letu ni la mpira uliogundishwa juu ya mbao, na katikati ya mpira hapakuwa na kasoro. Magari haya huvuja pale binadamu alipotoboa. Alinitembeza juu akanionyesha moja moja: matundu ya hewa, kidirisha cha juu ya bafu, bomba la kutolea harufu ya choo, mguu wa antena, skurubu za ngazi, taa ndogo za mbele, na ule ukanda wa chuma wa pembeni ambao umeshikiliwa na skurubu nyingi chini ya utepe wa plastiki. Kiyoyozi nacho kimekaa juu ya tundu la mraba la inchi 14 kwa 14, kikilalia mpira wa sponji na kubanwa kwa boliti. Boliti zikilegea kwa mtikisiko wa barabara, ule mpira hauzuii tena. Gundi iliyozungushwa kwenye sehemu hizi zote hukauka kwa jua, hupasuka nyufa nyembamba kama nywele, na nyufa hizo zinatosha.

Jambo la tatu lilinifedhehesha. Ile silikoni yangu ilikuwa imeharibu zaidi kuliko kutengeneza. Kwenye paa la mpira haishiki vizuri, na inaacha utando ambao hata gundi sahihi ikija baadaye haishiki juu yake. Tulitumia saa nzima kuikwangua kwa kisu cha plastiki na kusafisha kabla hatujaanza kazi yenyewe.

Kisha tukatafuta tundu. Yeye akawa nje na mpira wa maji, mimi ndani na tochi, sehemu ya dari tumeifungua. Akaanza chini, akapanda polepole, kila sehemu dakika kadhaa kabla ya kuhamia nyingine, kwa maji ya kawaida yasiyo na nguvu. Angeanzia juu, maji yangetiririka kila mahali tusijue tundu ni lipi. Alipofika kwenye ule ukanda wa pembeni, karibu na kona ya mbele, nikaona tone linatokea juu ya waya, linasafiri kama mdudu, na kudondoka kwenye doa. Skurubu tatu zilikuwa zimeota kutu mpaka zimelegea.

Lakini sicho kitu kilichoniumiza. Tulipoendelea kufungua dari tulikuta kipande cha plaiwudi kipya, safi, kimepigiliwa juu ya mbao zilizooza kama mkate uliolowa kwenye chai. Hakuna aliyezikata zile mbao mbovu. Alizifunika tu, akapaka rangi. Maana yake ni kwamba aliyetuuzia, au aliyemuuzia yeye, alipafungua pale, akaona, akapiga hesabu, akafunga.

Niliwaka hasira. Nilimwita mwizi, mbele ya fundi, na mimi ni mtu ninayehudumu kanisani. Fundi akanyamaza, kisha akaniuliza: "Sasa kaka, wewe utafanya nini siku yako ikifika?"

Siku yangu ilifika. Tulibadilisha mbao nyingi tulizoweza kuzifikia, tukaacha feni zikauke ndani kwa wiki kadhaa, tukang'oa ule ukanda, tukaweka chini yake utepe mpya wa mpira unaonata, skurubu mpya, gundi mpya. Uvujaji ukakoma. Lakini nguzo moja ya kona ya mbele hatukuifikia bila kubomoa ukuta. Kipima unyevu kilipochomekwa karibu nayo kilionyesha kwamba bado kuna unyevunyevu. Huenda ilikauka baadaye. Huenda imeoza. Tukafunga dari. Kwa nje, na kwa ndani, gari lilipendeza kuliko siku tuliyolinunua.

Kisha mama yangu nyumbani akaugua, akahitaji upasuaji, na mnajua simu za namna hiyo zinavyokuja usiku wa manane. Nikatangaza gari kwa dola 11,000. Wakaja vijana wawili, mume na mke, mke mjamzito. Kodi ya nyumba imewashinda, wanataka kuishi humo. Wakauliza injini. Wakauliza matairi. Wakauliza friji. Mke akalala juu ya kile kitanda cha mbele, akacheka, akasema hapa patakuwa pa mtoto akikua. Paa hawakuuliza.

Shemeji yangu alikuwa pembeni. Akanivuta akaniambia kwa Kiswahili: "Nyamaza. Hujaulizwa. Wewe uliambiwa?"

Wapendwa, maneno hayo matatu yana nguvu, nami sitaki kuyadharau. Nayachukua moja moja.

"Hujaulizwa." Hoja hii ni ya kale kuliko Ukristo wenyewe. Mroma aitwaye Cicero, katika kitabu cha maadili alichomwandikia mwanawe mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia mabishano ya wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater. Mfano mmoja ni wa mtu anayeuza nyumba ambayo ina nyoka vyumbani na mbao mbovu, na hakuna ajuaye isipokuwa mwenyewe. Diogenes alitetea muuzaji: hakumlazimisha mtu kununua, hakusema lolote la uongo, na ni kichekesho kutangaza ubaya wa mali yako mwenyewe. Antipater alisema kumwacha mnunuzi aingie hasarani kwa kutojua, nawe unajua, ni kumpoteza njia kwa makusudi. Cicero alikubaliana na Antipater, na sababu yake ndiyo iliyonishika. Alitofautisha kunyamaza na kuficha. Si kila ukimya ni kuficha. Unaficha pale unapotaka, kwa faida yako, mwenzako asijue jambo ambalo lingemfaa kulijua.

Jipime kwa kipimo hicho. Sikuwaambia wale vijana kwamba niliwahi kugonga mti kidogo na kioo cha pembeni kikabadilishwa. Je, nilikuwa naficha? Hapana, sikuwa na hamu wasijue, nilisahau tu. Lakini kuhusu kona ile, nilijiona mwenyewe nikisimama kati yao na ukuta. Miguu yangu ilikuwa imeshajua kwamba naficha kabla akili haijakubali. Nilitaka wasijue. Kama ukimya wangu usingekuwa na thamani ya fedha, nisingeulinda kwa mwili wangu.

"Hujaulizwa" ina kosa lingine. Mtu huuliza anachokijua. Mimi sikuuliza paa kwa sababu sikujua kwamba paa ni swali. Wale vijana vilevile. Ukisema sina wajibu wa kujibu nisichoulizwa, umempa wajibu wote yule asiyejua, na kumwondolea wote yule anayejua. Huo ni mgawo wa ajabu wa mzigo: anayebeba ni asiyeuona.

"Wewe uliambiwa?" Hapana, sikuambiwa. Na hasara ile ni ya kweli. Tulipoteza fedha na usingizi. Lakini hesabu hii haifungi. Aliyenikosea ni mtu mmoja, ninaowatoza ni watu wengine. Kama kila aliyevujiwa akimvujia wa mbele yake, basi deni halilipwi kamwe, linahama tu, kama yale maji juu ya waya, mpaka limdondokee mtu ambaye hana tena wa kumpasia. Na kwa kawaida huyo wa mwisho ni maskini kuliko wote kwenye mstari, maana gari linavyozeeka ndivyo linavyowafikia wenye kipato kidogo zaidi. Safari hii lilikuwa limemfikia mama mjamzito.

Hoja ya tatu shemeji hakuitamka, lakini ilikuwa ndani yangu: "Hata mimi sina hakika." Nguzo ile huenda ni nzima. Nikisema imeoza, huenda nasema uongo wa upande wa pili, na najiumiza bure. Hii ndiyo hoja iliyonipa shida kuliko zote, kwa sababu ilivaa nguo za ukweli.

Hapo nikakumbuka sura ya 14 ya Mambo ya Walawi, ambayo wengi wetu huiruka tunaposoma Biblia kwa mwaka. Inazungumzia nyumba iliyoota ukungu ukutani. Angalieni utaratibu wake. Anayekwenda kwa kuhani ni mwenye nyumba mwenyewe, na haendi akiwa na hakika. Anakwenda kusema kwamba anaona kitu kinachofanana na pigo. Kuhani anaagiza vitu vitolewe nje, anatazama, anaifunga nyumba siku 7, anarudi kutazama. Pakiwa pameenea, mawe mabovu yanang'olewa na kutupwa nje ya mji, kuta zinakwanguliwa, yanawekwa mawe mengine na udongo mwingine. Ubaya ukirudi, nyumba inabomolewa. Hakuna mahali panaporuhusu kupaka udongo mpya juu ya jiwe bovu. Na hakuna mahali panaposema mwenye nyumba asubiri mpaka awe na hakika ndipo aseme. Shaka yake yenyewe ndiyo habari.

Basi nikaelewa kwamba "sina hakika" yangu haikuwa kutojua kwa kawaida. Ilikuwa kutojua niliyoinunua. Ningeweza kubomoa ule ukuta na kuona. Sikubomoa, kwa sehemu kwa sababu ya gharama, na kwa sehemu, nakiri, kwa sababu nilitaka siku nikiulizwa niweze kusema kwa uso mkavu kwamba sijui. Kuna watu hawapandi juu ya paa lao ili wasije wakajua. Mtu wa namna hiyo hasemi uongo hata mara moja maishani, na bado si mkweli.

Kwa hiyo naona wajibu wetu una ngazi tatu. Ninachokijua, nakisema. Ninachokishuku, nakisema kama shaka, bila kukipunguza wala kukiongeza: "Hapa palilowa, hapa sikufungua, kipimo kilionyesha hivi." Na kile ambacho ningeweza kukijua kwa kupanda ngazi tu, napanda ngazi kwanza ndipo niuze.

Je, wajibu huu una mwisho? Upo. Mwanateolojia Thomas Aquinas, katika karne ya 13, aliuliza swali hili hili, akasema kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza ikiwa bei imeshapunguzwa ipasavyo, kwa sababu mnunuzi ana macho. Kasoro iliyofichika ndiyo yenye deni, hasa inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari. Kapeti langu lililochakaa halikuhitaji maungamo. Wale vijana walilikanyaga. Mbao zilizo nyuma ya rangi zilihitaji.

Nikawaita wale vijana. Nikawaonyesha picha zote tulizopiga dari ikiwa wazi. Nikachomeka kipima unyevu mbele yao, kando ya ile kona. Nikawaambia kama wanataka kulala na mtoto mchanga humo, ukuta ule ufunguliwe kwanza. Mume alinishukuru, lakini macho yake yaliniambia kwamba ananiona mtu wa ajabu, au mtu anayeficha jambo kubwa zaidi. Hawakununua. Ukweli haukunipa zawadi siku ile. Shemeji hakuongea nami njia nzima.

Wiki kadhaa baadaye alikuja mzee mmoja seremala. Aliziangalia picha, akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole akisikiliza, akasema hiyo kona ni kazi ya siku tatu kwake. Akatoa dola 7,500. Ndiyo hiyo bei ya kutupa mnayoniuliza. Pengo la fedha za mama tulilijaza kwa mkopo na kwa mchango ambao baadhi yenu mlitoa, na hatujamaliza kulipa. Sitawadanganya kwamba halikuniuma. Usiku mwingine bado nazihesabu zile dola 3,500.

Lakini nina jambo moja la kuwaambia ambalo halihusu magari. Sisi tulio mbali na kwetu tumejifunza sana kufunika. Nyumbani tunatuma picha za theluji na gari, hatutumi picha za zamu ya usiku. Kanisani tunavaa vizuri, na hatusemi kwamba ndoa inavuja, au kwamba mtoto ameacha chuo. Kisha doa linatokea mahali pengine kabisa: baba anamfokea mtoto kwa sababu ya viatu, na wote tunaziba kwenye viatu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sidai kwamba kila mtu atangaze kila kitu kwa kila mtu. Nimeshasema kuficha si sawa na kunyamaza. Nasema tu kwamba yule atakayelala chini ya paa hilo, mke, mchumba, mtoto, ana haki ya kujua hali yake.

Wenye magari haya, pandeni juu sasa kabla ya Oktoba, na tena majira ya kuchipua. Tazameni gundi kuzunguka kila tundu, bonyezeni kona kwa kidole gumba, nuseni makabati asubuhi. Mkikuta unyevu siku ambayo haikunyesha, huenda ni mvuke wa pumzi na wa kupikia tu. Fungueni madirisha kidogo mwone kama utakoma. Mkikuta mbao zinabonyea, msifunike. Kaka wa kwaya yuko tayari kuwasaidia, na mimi nitashika tochi.

Na huyo shemeji, jana alinipigia simu. Anauza gari lake dogo, na gia zake zinateleza likipata moto. Aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama nadhani ni lazima aseme.

Bwana awabariki nyote, na awape wiki njema.